Milioni 245 za Russell Wilson: nani alipigwa, na hela iko wapi?

"Habari kaka. Naishi Aurora hapa Colorado, mwaka wa nne sasa. Mpira niliokuja nao ni ule wetu wa miguu, huu wa Kimarekani nimeuanzia ghalani ninapofanya kazi maana wenzangu hawana stori nyingine. Msimu wa 2024 umeisha toka mwezi wa pili lakini kila mapumziko ya chakula ni ubishi wa nani kahamia wapi na kwa bei gani. Jamaa wa Broncos, timu ya Denver hapa, wanasema Russell Wilson aliwapiga, alisaini dola milioni 245, akatemwa, akaenda kucheza Pittsburgh huku Denver ndo inamlipa. Mwingine anasema Mahomes wa Kansas City ndo kotabeki (yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) bora, lakini nimeangalia orodha ya mishahara wapo zaidi ya kumi juu yake, na yule wa Jacksonville ambaye timu yake ilishinda mechi nne tu anachukua 55 kwa mwaka. Hii hesabu inaendaje? Na sababu yangu nyingine ya kuuliza, kijana wangu ana miaka 16, ni kotabeki wa shule yao, kuna jamaa kaja nyumbani na makaratasi, anataka awe ajenti wake na anaongea mamilioni. Nisaini?"

Kaka, la mwisho nianze nalo maana ndo lenye haraka: usisaini kwanza. Nitalirudia huko chini kwa kirefu, ila ukishaelewa kilichotokea Denver utakuwa umeelewa nusu ya kwa nini nakuzuia.

Naona kinachokuchanganya ni mazoea ya usajili wa kwetu. Kule mchezaji akisaini miaka miwili halafu klabu ikamchoka, klabu inabidi imalizane naye, isipomalizana anakimbilia FIFA na klabu inafungiwa kusajili. Na mchezaji naye anaweza kujaribu kununua uhuru wake, si unakumbuka Fei Toto Desemba 2022 alivyowawekea Yanga shilingi milioni 112 akisema kavunja mkataba, TFF wakakataa, mpaka Azam walipokuja kumnunua Juni 2023. NFL, ligi ya huo mpira wa Kimarekani, hakuna cha hivyo. Mchezaji hawezi kununua mkataba wake hata awe na hela ya kujaza lori, na hakuna klabu inayolipa ada ya uhamisho kwa klabu nyingine. Wanabadilishana, mtu kwa mtu au mtu kwa nafasi za kuchagua vijana kwenye drafti, ule mgao wa kila mwaka wa wachezaji wapya, na mchezaji haulizwi labda awe na kipengele kwenye mkataba kinachosema bila ridhaa yake haendi. Ila klabu yenyewe inaweza kumtema siku yoyote inayotaka, na miaka iliyobaki kwenye karatasi inafutika palepale. Inayobaki ni ile sehemu iliyoandikwa kwamba ni hela ya uhakika.

Kwa hiyo namba inayotangazwa kwenye habari, milioni 245, milioni 450, ile ni ya kutangazia. Ajenti anaipenda kwa sababu inamtafutia wateja wengine, klabu inaipenda kwa sababu mashabiki wanafurahi, na mwandishi anaipenda kwa sababu inasomwa. Mimi nikifungua mkataba wa mtu naitafuta hela ya uhakika kwanza halafu naangalia inakuwa ya uhakika tarehe ngapi. Hizo tarehe watu hawazisomi kabisa na ndo zenye mkataba wenyewe.

Sasa Wilson. Machi 2022 Denver wanamchukua kutoka Seattle, na bei yake haikuwa mchezo: nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano na wachezaji watatu. Alikuja na miaka miwili iliyobaki kwenye mkataba wa Seattle. Kabla hajacheza mechi hata moja ya msimu wakamwongezea miaka mitano ya milioni 245, na ukijumlisha na ile miwili ya zamani, milioni 124 zilikuwa za uhakika toka siku ya kusaini. Ila hiyo miaka mitano mipya ilikuwa inaanza 2024. Na yeye katemwa Machi 2024. Yaani ule mkataba wa milioni 245 wanaougombania hapo ghalani kwenu, miaka yake mipya hakuicheza hata dakika moja! Alichokula ni zile 124 za uhakika, kwa misimu miwili aliyovaa jezi yao na mmoja aliovaa ya wengine. Ni hela nyingi, simtetei, lakini sehemu kubwa ya zile 245 haikuwahi kuwa yake.

Kwa nini wakamtema mwezi wa tatu na sio mwezi wa sita au wa nane? Tarehe. Ilikuwa imeandikwa kwamba akiwa bado kwenye timu siku ya tano ya mwaka mpya wa ligi, Machi 2024, basi mshahara wake wa 2025, milioni 37, unakuwa wa uhakika wote. Na kama angeumia akawa hajapona kufikia hapo, hela hiyo ilikuwa inamhusu vilevile. Ndo maana Desemba 2023 mechi mbili za mwisho aliwekwa benchi mzima kabisa, akacheza Jarrett Stidham. Kocha Sean Payton alisema ni sababu za kimpira. Wilson akasema aliambiwa wiki kadhaa nyuma kwamba asipokubali kuisogeza ile tarehe atakaa nje. Chagua wa kumwamini, mi naangalia tarehe tu na inanitosha.

Hapo ndo tunafika kwenye kitu wanachokiita hela mfu, yaani hela inayohesabiwa kwa timu kwa ajili ya mchezaji aliyeshaondoka, na tulia kidogo maana ubishi wote wa usajili wa NFL umejengwa juu yake. Ligi ina kikomo cha mishahara, timu zote 32 namba ileile, mwaka 2025 ilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Tajiri na maskini sawa, huwezi kumwaga hela za mafuta ukasajili nyota wote. Lakini kikomo hicho kinahesabiwa kwenye daftari, hakifuati hela inavyotoka benki. Mshahara wa mwaka unaandikwa mwaka huohuo. Bonasi ya kusaini, ambayo mchezaji anaichukua mkononi mapema, inagawanywa kwa miaka ya mkataba, mwisho miaka mitano. Ni kama ulipe kodi ya nyumba ya mwaka mzima mwezi wa kwanza halafu kwenye daftari lako ukaiandika kidogokidogo kwa miezi 12, sasa ukihama mwezi wa nne hela ilishatoka zamani, mwenye nyumba hakurudishii, na ile miezi minane uliyokuwa hujaiandika inabidi uiandike yote kwa mkupuo.

Wilson alipewa bonasi ya milioni 50 mwaka 2022, yaani milioni 10 kwa mwaka daftarini. Miaka miwili ikapita, zikabaki 30. Mwaka 2023 akapewa nyingine ya milioni 20, nne kwa mwaka, ukapita mmoja, zikabaki 16. Jumla 46 zilizolipwa zamani lakini hazijaandikwa. Ongeza milioni 39 za uhakika za mwaka 2024 ambazo hata wakimtema lazima wamlipe. Unapata 85. Hiyo ilikuwa rekodi ya ligi kwa mbali, kabla yake rekodi ilikuwa ya Atlanta na Matt Ryan mwaka 2022, milioni 40 na ushee. Sheria inaruhusu kuigawa kwa miaka miwili ukimtoa kwa kutumia tarehe ya Juni 1, kwa hiyo Denver wakabeba kama 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Hiyo 32 iliyowauma mashabiki ni hela ambayo sehemu kubwa ilishaliwa 2022, hakuna hundi mpya iliyoandikwa.

Na Pittsburgh? Walimlipa milioni 1.21, kima cha chini cha mchezaji mkongwe, na watu wakasema aibu, kotabeki bingwa wa Super Bowl (fainali ya ligi) anacheza kwa hela ya karanga. Sio aibu, ni hesabu. Mkataba wa Denver ulikuwa unakata chochote anacholipwa kwingine, sasa Pittsburgh wangempa 20 Denver wangelipa 19, mfukoni mwa Wilson ingekuwa 39 ileile. Kwa nini umsaidie jirani kulipa deni lake? Mwaka 2025 deni lile lilikuwa limeisha, ndo maana Giants wa New York wakampa mwaka mmoja wa milioni 10.5 na bonasi juu. Bei yake halisi ya sokoni wakati huo ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo nani alipigwa? Mi nasema Denver walijipiga wenyewe siku ya kusaini, maana alikuwa bado ana miaka miwili mkononi na hakuna aliyewashika koo. Siku ya kumtema walifanya jambo sahihi. Drafti ya 2024 wakamchukua Bo Nix, wa 12, mkataba wa miaka minne kama milioni 18.6 yote kwa jumla, wakashinda mechi 10 wakapoteza 7 na kuingia mtoano mara ya kwanza tangu walipochukua Super Bowl 50. Buffalo wakawafunga 31 kwa 7, ndio, lakini walifika pale wakiwa wamebeba milioni 53 za mtu ambaye hayupo! Wangembakisha Wilson kwa kuogopa hela mfu wangekuwa bado wanaizika mpaka leo.

Hiyo ya Nix inatokana na mkataba wa pamoja wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kabla ya hapo kijana wa kwanza kwenye drafti alikuwa anakamua vibaya, Sam Bradford mwaka 2010 alipata miaka sita ya milioni 78 na 50 zikiwa za uhakika hajarusha mpira hata mmoja. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye wa kwanza, akapata 22 kwa miaka minne. Toka hapo kotabeki kijana mzuri ndo bidhaa ya bei rahisi kuliko zote kwenye ligi, na timu zote zinakimbizana na ile miaka minne. Brock Purdy ndo mfano unaochekesha zaidi, mtu wa mwisho kabisa drafti ya 2022, wa 262, anawapeleka 49ers wa San Francisco Super Bowl akiwa analipwa chini ya milioni moja kwa mwaka. Mei 2025 wakampa miaka mitano ya milioni 265. Ni mtu yuleyule, mkono uleule, ila sasa hawezi kuzungukwa na wale mastaa wote waliokuwa wanalipwa kwa hela iliyokuwa inabaki kwake.

Tuje kwa Mahomes na ile orodha yako. Orodha ya mishahara haipangi nani bora, kwa kiasi kikubwa inapanga nani kasaini karibuni. Mahomes alisaini Julai 2020, miaka kumi, milioni 450, wastani wa 45 kwa mwaka, na siku ile alikuwa juu ya wote kwa mbali. Halafu kikomo kikaanza kupanda, kilikuwa 198.2 mwaka ule, 2025 kikafika 279.2, na kila kotabeki anayefikia zamu yake anaanzia pale alipoishia mwenzake. Ndo Trevor Lawrence wa Jacksonville, Juni 2024, akapata 55 kwa mwaka sawasawa na Joe Burrow aliyesaini 2023, halafu msimu wa timu yake ukawa ushindi 4 na vipigo 13. Hakuna mtu Jacksonville aliyeamini ni sawa na Burrow. Alikuwa kijana wao, zamu ilifika, na mbadala ulikuwa kuanza kutafuta mwingine gizani.

Ukitaka kulinganisha vizuri gawanya kwa kikomo cha mwaka aliosaini. Mahomes 45 kwa 198 ni karibu asilimia 23. Burrow 55 kwa 224.8 ni kama asilimia 24 na nusu. Lawrence 55 kwa 255.4 ni 21 na nusu. Josh Allen wa Buffalo, MVP (mchezaji bora wa ligi) wa msimu wa 2024, alisaini Machi 2025 milioni 330 kwa miaka sita, 55 kwa mwaka, kwa 279 inakuwa chini kidogo ya asilimia 20. Umeona? Allen anaonekana amelingana na Lawrence na kumpita Mahomes, kumbe ukipima kwa kikomo Buffalo wamempata rahisi kuliko wote hao. Na Kansas City wenyewe 2023 waliupanga upya ule wa Mahomes wakamsogezea hela mbele, milioni 210.6 kwa miaka minne, 2023 mpaka 2026, kwa hiyo hata ile 45 kwa miaka hiyo sio anachopokea kweli.

Dak Prescott ndo anavunja kanuni yangu, 60 kwa mwaka toka Septemba 2024 na waliosaini baada yake 2025 hawakumfikia. Sababu ni vipengele. Mkataba wake wa nyuma ulikataza Dallas kumzuia kwa ile tegi ya mwaka mmoja, haki ya timu kumbakiza anayemaliza mkataba, ukakataza kumbadilisha na timu nyingine bila ridhaa yake, na ulikuwa unaisha. Walikuwa hawana pa kumshikia. Na Deshaun Watson, 2022, Houston walikuwa wanamuuza na timu kadhaa zinamtaka na yeye ndo mwenye kura ya kuchagua, Cleveland walishaambiwa hapana wakarudi na milioni 230 zote za uhakika, senti kwa senti. Akafungiwa mechi 11, akaumia, akaumia tena, na hawakuweza kumtema kwa sababu hakukuwa na tarehe wala sehemu isiyo ya uhakika ya kukimbilia. Mwaka uliofuata Lamar Jackson, MVP, hana ajenti, anajadiliana mwenyewe, Baltimore wakaacha timu nyingine ziruhusiwe kumpa ofa, na hakuna hata moja iliyojitokeza. Akarudi Baltimore kwa 260, za uhakika 185. Wenye timu waliiona Cleveland wakaogopa.

Kuhusu nani bora, nitakujibu maana najua hutaniachia, ila chukua kama maoni. Mahomes, Allen, Jackson, Burrow, hao wanne mtu akiwapanga anavyotaka sigombani naye, mi namweka Mahomes juu hata baada ya Eagles wa Philadelphia kumfunga 40 kwa 22 Februari 2025, kwa sababu mstari wa wanaomkinga siku ile ulikuwa mlango wazi. Jalen Hurts aliyemfunga simuweki kwenye wanne, na najua Philadelphia watanitukana. Ushindi ni wa timu, kotabeki hajizuilii mwenyewe na hakabi. Mwangalie Sam Darnold, wa tatu drafti ya 2018, kashindikana Jets, kashindikana Carolina, kaja Minnesota mwaka 2024 kwa milioni 10 kazungukwa vizuri, pasi 35 za tachidauni (za kufunga), ushindi 14. Halafu mtoano Rams wakamwangusha na mpira mkononi mara tisa kwenye mechi moja, Minnesota wakamwachia, Seattle wakampa miaka mitatu ya milioni 100.5. Ghalani wakikuuliza Seattle wamepigwa au hawajapigwa, waambie wasome hela ya uhakika, walijiachia njia ya kuachana naye bila kufa.

Sasa kijana wako, na hapa naomba usome taratibu.

Huyo jamaa anaposema mamilioni, ujue NFL hairuhusu mtu kuingia mpaka ipite miaka mitatu toka amalize sekondari. Kijana wa miaka 16 yuko mbali na hiyo kwa muda mrefu, na wengi wanaofika chuo hawafiki huko kabisa. Ajenti wa NFL halali anatambuliwa na chama cha wachezaji, kafanya mtihani wao, na asilimia yake haizidi 3. Mwulize kama anatambuliwa, jina lake linaangalika kwa chama chenyewe. Kinachowezekana kwa mtoto wa umri huo ni hela ya matangazo, kutumia jina lake na picha yake, na kila jimbo lina sheria yake juu ya wanafunzi wa sekondari, akikosea anaweza kuzuiwa kucheza. Chuo ni habari nyingine, toka Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo, ndo maana watu wa makaratasi wamekuwa wengi na wanakuja mapema.

Hatari iko hapa. Gervon Dexter, mlinzi wa Chicago Bears, akiwa chuoni Florida mwaka 2022 alisaini na kampuni ya uwekezaji, wakampa dola 436,485. Akakubali kuwapa asilimia 15 ya mapato yake ya NFL kwa miaka 25. Mwaka 2023 akaenda mahakamani kujaribu kuuvunja. Ajenti anachukua mwisho 3, hao 15, na hakuna klabu inayofunga mtu miaka 25. Kwa hiyo kwenye karatasi la huyo jamaa tafuta palepale ninapopatafuta mimi: asilimia ngapi, ya mapato gani, hasa kama limeandikwa neno la mapato ya baadaye, mpaka tarehe gani, na nyie mnatokaje.

Lakini mimi siwezi kulisoma karatasi hilo kutoka huku, na hata ukinitumia picha nisingekupa jibu la kusaini au kutosaini, sio kazi ya kufanywa kwa meseji. Omba nakala, umwambie unahitaji wiki mbili. Kwanza nenda kwa mkuu wa michezo pale shuleni kwao ukamwone ana kwa ana, yeye anajua sheria za jimbo na hachukui hela yako. Halafu mwanasheria wa mikataba, saa moja ya ofisini kwake ni ghali lakini ni ghali mara moja, na kama Kiingereza cha kisheria kinakupa shida nenda na mkalimani, usimtumie kijana mwenyewe kutafsiri mkataba wake. Na kama makaratasi yenu ya uhamiaji bado hayajakaa sawa, au kijana yuko kwa visa ya uanafunzi, muone na mwanasheria wa uhamiaji kabla hajapokea hata dola mia ya tangazo, maana hela ya namna hiyo inaweza kuhesabika ni kazi, na visa ya uanafunzi ina masharti makali juu ya kazi.